Anayeatamia Haulizwi

Jogoo Kidari alitawala banda la Bi Zuwena kwa majivuno na kwa sheria moja: kuku anayeatamia hasogelewi wala haulizwi neno.

Mchana mmoja, kuku walipokuwa nje wakichakura, Kicheche aliingia kwa mlango ulioachwa wazi. Akamla Kishungi, kuku aliyekuwa akiatamia pembeni, akajifunika manyoya yake na kujilaza juu ya mayai.

Jioni kuku wakarudi. Mtetea mmoja mdadisi akasimama mbele ya kiota.

"Baba, Shangazi Kishungi ananuka leo."

"Hajaoga vumbi tangu alalie mayai," Kidari akamjibu. "Ulitaka anukie asumini?"

"Mbona macho yake yanawaka?"

"Ni ukali wa mzazi. Shika adabu!"

"Basi nimjulie hali tu."

"Anayeatamia haulizwi! Sheria hii imekukuta, na itakuacha."

Kuku wote wakamzomea. Mtetea akainamisha kichwa, akapanda juu ya ufito kulala kama wenzake.

Kidari akawika kwa nguvu, "Bi Zuwena, njoo ufunge! Huko nje kuna wanyama wabaya!"

Bi Zuwena akaja, akasukuma komeo, kisha akautikisa mlango kuhakikisha haufunguki.

"Laleni salama, wanangu," akasema, akaenda zake.

Hatua zake zilipopotea, anayeatamia akainuka kiotani. Ndipo Kidari akaisahau sheria yake.

"Wewe ni nani?" akauliza.

Kicheche akamrukia. Alianza na yeye.