Kicheko cha Ukuta wa Mbele

"Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote," mume alimwambia mgeni, akagonga kioo cha fremu kwa ukucha. "Tazama mdomo. Tazama mikono ilivyosahaulika hewani."

Pembeni mwa sebule, mwenye mdomo huo alikuwa kwenye cherehani akishona pindo la sketi ya shule. Hakuinua macho.

Mgeni alikuwa katibu wa chama cha wapiga picha wa ridhaa, watu wenye kazi zao nyingine ambao Jumamosi huvaa kamera shingoni kama wenzao wavaavyo tai. Alikuja kuchagua picha za maonyesho. Siku za kazi mume alikuwa mhasibu wa ghala la saruji, na kule ghalani hakuna aliyemjali. Kwenye chama walimwita Fundi wa Nyuso.

"Na huyu mlinzi?" katibu aliuliza, akisogea kwenye fremu ya pili. "Macho haya umeyapataje, bwana?"

"Subira, ndugu yangu. Subira na mwanga wa dirishani."

Mke akakata uzi kwa meno. Subira! Mlinzi yule aliambiwa amefukuzwa kazi, akapigwa picha, kisha akaambiwa ni utani. Mtoto wa jirani, ambaye picha yake imetundikwa karibu na mlango, aliambiwa mbwa wake amekanyagwa na lori. Na yeye mwenyewe alikuwa jikoni na mwiko mkononi, mume alipoingia na kumwambia kwamba mama yake amefariki. Aliamini papo hapo, maana kwao habari za namna hiyo hupitia kwa mume kwanza. Alipiga yowe, na kamera ikalia mfululizo.

"Natania tu, mke wangu," bwana alisema, akitazama kioo cha kamera, wala si yeye. "Ila njoo uone ulivyotoka!"

Jioni ile alimpigia mama simu wakaongea mpaka salio likaisha, na hakumwambia kwa nini analia. Baada ya muda akaletewa uongo mwingine, kwamba nyumba ya mama imeungua. Akanasa tena. Tangu hapo kila mume alipomwita, alimtazama kwanza mikononi kama ameshika kamera. Mzaha mzaha hutunga usaha, alimwambia, bwana akacheka. Ndipo mke alipojiapiza: mtu huyu hatapata tena chozi lake hata moja. Siku atakayokuja na uongo wake wa tatu, atamcheka usoni.

Katibu alimaliza kuzunguka sebule, akajikuna kidevu.

"Zote kali, lakini zote zinalia. Mwaka huu maonyesho ni ya furaha. Niletee kicheko kimoja, cha kweli, si hiki cha kuambiwa 'haya, chekeni'. Ukikipata, ukuta wa mbele ni wako. Mwisho Ijumaa." Akageukia cherehani. "Shemeji si yupo? Shemeji atatuchekea."

"Huyu?" mume alisema. "Nikimgeuzia kamera ananuna kama kang'ata ndimu."

Wiki nzima bwana alihangaika. Watoto wa jirani walipomwona na kamera walitimua mbio. Mlinzi alimtolea meno kama yuko kwa daktari. Alisimulia vichekesho mpaka mate yakamkauka, na watu walimcheka kwa adabu tu, kicheko kama pumzi ya kupoza chai. Mke aliyaona yote hayo na roho yake ikaburudika. Kumbe na yeye anaweza kushindwa!

Ijumaa asubuhi mke alikuwa kwenye cherehani, mwanga wa dirishani ukimwangukia usoni. Mume aliingia kutoka uani, kamera shingoni, uso ameukunja kama mtu wa msibani. Akasogeza stuli, akasimama mbele yake.

"Mke wangu, acha kushona kidogo. Kaa vizuri." Akashusha pumzi. "Kaka yako amenipigia. Mama ametutoka alfajiri."

Mke akasimamisha gurudumu la cherehani. Kisha akakiona kidole. Kilikuwa tayari juu ya kitufe, kimetulia tuli.

Hofu yote aliyoibeba tangu siku ile ya jikoni ikamtoka kwa mkupuo. Akacheka. Alicheka kutoka tumboni, kichwa kikaenda nyuma, sketi ya mtu ikaanguka sakafuni. Alicheka hadi machozi yakamtiririka.

"Umenoa, baba! Leo umenoa! Yaani umeishiwa mpaka unamuua mama yuleyule mara ya pili? Piga basi! Piga!"

Kamera ikalia, ikalia tena. Akazidi kucheka, akiufikiria ule ukuta wa mbele ukiwa mtupu, na katibu akiuliza picha iko wapi. Kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba ile alijiona yeye ndiye mshindi. Akajifuta macho kwa kiganja, akasubiri kuuona uso wa mumewe ukisawijika.

Mume aliikuza picha, akaitazama pembe zote, akatikisa kichwa polepole kwa kuridhika.

"Cha kweli kabisa," alisema. Kisha akatoa simu mfukoni, akaiweka juu ya cherehani. "Haya, mpigie kaka yako. Wanakungoja wewe tu, wazike."