Mbwa wa Mbio kwa Bi Batamzinga

Bi Batamzinga alimchukua mbwa wa mashindano, aliyefukuzwa uwanjani alipoanza kushindwa. Mtaa mzima ulijua, maana alitangaza mwenyewe: "Nimemwokoa, maskini! Walimkimbiza mpaka akabaki mifupa mitupu."

Mbwa akalala kwenye kochi, akanona. Jumapili majirani wakaja kumwona. Bi Batamzinga akafunga kisungura cha matambara kwenye kamba, kama kile ambacho mbwa hufukuza uwanjani, akakiburuta uani.

"Amka, baba, kimbia kidogo wageni waone!"

Mbwa akamgeukia Kobe, jirani wa ng'ambo ya barabara.

"Mzee, kwako kuna nafasi?"

"Ipo. Ila kwangu hakuna anayekimbia."

"Basi niokoe."

Mbwa akachomoka, akavuka geti bila kugeuka. Wageni wakapiga makofi, na Bi Batamzinga akainama kuyapokea.