Uji wa Munyakazi

"Onja kwanza, mama," alisema askari Nsabimana, akimsogezea Mukandekezi kikombe.

Ndiyo desturi ya Rwanda: anayekupa kinywaji hutangulia kuonja, usije ukadhani kakutilia sumu. Langoni pa gereza desturi hiyo ilikuwa amri.

Mukandekezi alifungua chupa ya chai, harufu ikampiga puani. Mungu wangu! Akaifunga upesi, mtoto akichezacheza mgongoni.

"Nimefunga," alisema.

"Umefunga? Ramadhani ilipita zamani, hata mimi Mkatoliki najua." Nsabimana akamnyang'anya chupa, akanusa. "Ha! Iko kanyanga humu!"

Gongo, tena wiki hii! Mumewe, Munyakazi, fundi cherehani wa Biryogo, alikuwa amesimama ng'ambo ya lango akisubiri uji wake. Alifungwa kwa kuunguza nyumba ya jirani akiwa amelewa. Alikiri mwenyewe mahakamani, mtaa mzima ukaduwaa. Gerezani wakamwingiza katika darasa la muuguzi Nyiraneza, la kutibu walevi. Alilipenda mno, kila Ijumaa alimsimulia mkewe somo lote, mpaka namna ya kutuliza mikono inayotetemeka. Anayemaliza bila kuonja tone la pombe hurudi nyumbani. Ilibaki wiki moja tu.

"Ya nani hii?" alifoka Nsabimana. "Anayeingiza pombe humu, analala humu!"

Mukandekezi alifumbua mdomo. Munyakazi akamtazama mtoto, akamwahi.

"Yangu, afande. Niliagiza kwa rafiki. Mke wangu hajui kilichomo."

"Yako? Haya, kunywa tuone."

Munyakazi akapiga funda kubwa, akapaliwa, machozi yakamtoka. Nsabimana alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyu haponi!"

Muuguzi Nyiraneza, aliyekuja mbio kwa zile kelele, hakucheka. "Umeniangusha, Munyakazi. Darasani usirudi."

"Nisamehe, dada." Kisha akamgeukia mkewe, sauti chini: "Nenda nyumbani, mama Zaina. Usikate tamaa."

Mukandekezi alishuka mteremko akilia, asithubutu kugeuka nyuma. Uji wa mumewe aliuacha nyumbani mezani, katika chupa inayofanana na ile. Kanyanga ilikuwa yake yeye, kama ulivyokuwa wake moto ule wa nyumba ya jirani. Kabla ya funda lile, Munyakazi, tangu azaliwe, hakuwa amewahi kuonja pombe.