Funda Moja la Moshi

"Wewe Wegesa, samaki wanateketea!" Perus alifoka akiwa upande wa pili wa ua. "Nguo zangu zote zinanuka moshi, nawe umekaa hapo hapo kama gogo!"

"Moshi gani, jirani? Si useme tu leo umeamka na hamu ya ugomvi."

Perus akaingia bila hodi, akainua wavu kutoka motoni. Sangara walikuwa weusi tii. Wegesa, ambaye mtaa mzima ulisifu samaki wake wa kubanika, aliwakodolea macho. Pua yake haikumwambia kitu.

"Jana ulikwenda kwa wale wanunuzi wa ladha?" Perus akauliza.

"Nilionja wiski tu, mwenzangu, nikawauzia ladha yake. Ziko chupa mia mbili tu dunia nzima, kimea chake kimekaushwa kwa moshi wa udongo wa kinamasi. Funda moja!"

Sheria aliijua, kama kila mtu. Ladha uliyoiuza huhamia ulimi wa mnunuzi, na kwako hairudi. Wegesa alijiambia kwamba wiski hataikosa, kwani aliwahi kuinywa lini?

"Hukuwauzia wiski," Perus alisema, sauti imeshuka. "Umewauzia moshi wote."

Wegesa akamega samaki, akatafuna. Alikuwa kama anatafuna kadibodi.

"Sasa kesho nitajuaje kama wameiva?"

Perus alimshika mkono, akamwinua.

"Twende kwangu ukale, nyumba imejaa watu. Ila chumvi hatutii siku hizi. Kwetu hakuna anayeisikia tena."