Jicho Alilotengeneza Kisimba

Mama Godelieve alijiona kwenye kioo kidogo cha kamera, mweupe kuanzia kitambaa cha kichwa hadi kandambili, akacheka mpaka akashika mbavu.

“Njo mi huyu? Nimekuwa muzungu?”

“Ni joto, mama. Kamera inaona joto ya mwili, hata mu giza.”

Kisimba hakucheka. Alikuwa ameificha kamera hiyo kati ya soksi kutoka Ulaya hadi Kolwezi, ili mamaye aone kwa macho yake kazi inayomlisha mwanawe. Alikuwa mhandisi wa kamera za droni za kijeshi. Siku moja wateja walimwonyesha video: watu wanaota moto nyuma ya nyumba, vidoa vyeupe vinasogeleana, kisha weupe mmoja mkubwa. “Picha safi sana,” walimsifu. Tangu hapo hatia haikumwacha.

Akamweleza mama yote bila kupamba. Halafu akataja lililomleta.

“Mama, unipeleke Kasaji kwa Kalumba. Anitukane, anipige, lakini anisamehe.”

Kalumba alikuwa kaka yake, na ndiye aliyehangaika hadi Kisimba akapata kwenda kusoma. Tangu Kisimba apande ndege hawakuzungumza hata mara moja. Mwanzoni mama alisema Kasaji hakuna mtandao. Kisimba alipopata kazi hii, akasema Kalumba amesikia na hataki hata kutajiwa jina lake. Kisimba alikubali. Damu ya watu haiombewi msamaha kwa simu.

“Kasaji ni mbali,” mama alisema, akiangalia pembeni. “Barabara ilikufa. Na ye hataki.”

“Mama, mi niliua batu.”

“Haiko we peke yako,” akasema polepole, na Kisimba akadhani anamfariji.

Ili asilie mbele yake, akageukia upande mzuri wa kazi. Kamera hiyo hiyo huokoa wanajeshi. Udongo uliochimbwa, hata ukifukiwa na kushindiliwa, haushiki joto sawa na ule wa jirani yake, kwa hiyo bomu lililozikwa barabarani huonekana. Akaielekeza chini amwonyeshe.

Sakafu ya udongo ikatokea ya kijivu. Mama akasema inatosha, aizime, chai inapoa. Kisimba akaizungusha kidogo tu. Chini ya mkeka wa mama palikuwa na duara jeusi, pana kama mdomo wa kisima.

Kisimba akatabasamu kwa mara ya kwanza. Katika mtaa huu, nani hajachimba madini chumbani mwake kwa siri? Kumbe ndiyo maana mama alikataa katakata kuhamia nyumba aliyomjengea!

“Mama! Kumbe humu ndani mulichimba kobalti? Wakati gani?”

“Mwaka ule ulienda kusoma.”

“Na hamukuniambia!”

Akaukunja mkeka, akasimama juu ya duara, akagongagonga kwa kisigino asikie kama chini kuna uwazi.

Mama Godelieve akapiga magoti, akamshika mguu kwa mikono yote miwili.

“Toka hapo, mwana. Uko unakanyaga ndugu yako.”