Goti la Komeo

Waliokuwamo chumbani alasiri ile walikuwa watano: daktari wa mifupa; mgonjwa mwenyewe, kipa wa miaka hamsini na mmoja aliyejipachika jina la Komeo; mkewe, aliyekaa ukingoni mwa kitanda; na wageni wawili waliojaa wasiwasi, nahodha na mfungaji wa timu ya maveterani.

Daktari alieleza kwa utaratibu. Kano ya ndani ya goti la kulia ilikuwa imekatika. Ingeweza kujengwa upya kwa kipande cha kano kutoka nyuma ya paja, kisha yangefuata mazoezi ya viungo kwa karibu mwaka mzima.

"Angekuwa kijana, ningempasua bila kusita," alisema. "Kwa mtu wa makamo, inategemea anataka goti limfanyie nini. Kutembea na kupanda ngazi atamudu hata bila kisu. Kurudi golini, hapana. Nataka jibu leo."

Nahodha alikisogelea kitanda. Komeo akikataa, msimu ujao nao umekwenda na maji.

"Kaka, kubali," akasihi. "Tangu uumie, tumesahau hata ladha ya ushindi."

"Na mimi sijafunga bao, hata la kubahatisha," akadakia mfungaji. "Wewe ukisimama golini, kaka, miguu yangu hupata baraka."

Mke aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Shemeji zangu, ni huyu huyu mnayemlilia? Huyu ambaye mimi nikimpa kikombe, kinapokewa na sakafu?"

"Shemeji, thamani ya mtu huijui mpaka umkose," nahodha akajibu kwa unyenyekevu.

Komeo alimeza mate. "Daktari, hicho kisu kinauma?"

"Utakuwa usingizini. Maumivu utayakuta ukiamka."

"Ukiamka utatukuta na sisi!" mfungaji akaahidi. "Magongo tumekwisha kununua. Kliniki tutakupeleka kwa zamu. Ukichoka, tutakubeba mgongoni."

"Mgongoni!" mke akashika kiuno. "Mwanamume huyu hata siku ya harusi yetu hakuna aliyejitolea kumbebea mkoba."

Daktari alitikisa kichwa kwa mshangao. "Nimetibu magoti mengi, lakini sijawahi kuona timu inayompenda kipa wake namna hii."

Nahodha alikohoa, akageuka kulitazama pazia.

Komeo alipangusa macho kwa ncha ya shuka, akajiinua kwa viwiko mpaka akakaa wima, kama mtu anayetaka maneno yake yawekwe kwenye kumbukumbu.

"Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki," alianza. "Wachezaji wenzangu walikuja jana. Wakaniletea matunda, wakanisihi nistaafu kwa heshima zangu. Tena wakaimba njia nzima wakitoka. Lakini ninyi, wapinzani wetu, watu ninaopambana nao kila Jumamosi, ndio mnaonililia machozi."

Akamgeukia daktari.

"Andaa kisu. Na wote mlio hapa mnisikie: nikipona tu, nahamia timu yao."