Patasi ya Baba Mkwe

Pigo la tatu liliikosa patasi, likatua kwenye kidole gumba cha bwana harusi mtarajiwa. Alitaka kupiga ukelele. Akakumbuka yuko ukweni, akaugeuza ukelele kuwa kikohozi.

"Una kifua?" mzee aliuliza bila kuinua macho.

"Hapana, baba. Vumbi tu."

Alikuwa kinyozi, na mikono yake ilikuwa laini kuliko mashavu ya wateja wake, jambo alilojisifia mpaka leo mchana. Sasa alikuwa amechuchumaa uani ndani ya ovaroli ya kuazima, mbele yake mota ya mashine ya kufulia iliyogoma kufunguka kama mtoto aliyefumba mdomo mbele ya dawa.

Mchumba wake alikuwa amemwelekeza vizuri. "Ukiona lundo la mota mbovu, umefika. Na ole wako uchelewe. Baba kakupa leo tu. Usipotokea, amesema jina lako lisitajwe tena kwake."

Kinyozi aliliona lundo tangu mbali: mota za feni, za blenda, za friji, zimerundikwa ukutani kutoka geti hadi geti. Geti moja lilikuwa wazi. Akazima simu kwa heshima, akavuta pumzi, akaingia. Msichana alikuwa amesema tu kwamba baba yake ni mfanyabiashara. Kumbe biashara yenyewe ndiyo hii, kupasua mota na kuuza shaba. Kinyozi hakuona ubaya. Yeye mwenyewe alikuwa amemwambia msichana kwamba anamiliki saluni, akasahau kutaja kuwa ni kiti kimoja na kioo chenye ufa.

"Ndiye wewe uliyetumwa?" mzee alimpokea, shikamoo haijaisha kutoka mdomoni.

"Ndiye mimi, baba."

"Mbona umevaa kama unakwenda harusini?"

Kinyozi alicheka kicheko cha mtu aliyeuelewa utani. Mzee hakucheka. Alimrushia ovaroli. "Vua hilo koti. Nataka kuiona mikono yako kwenye grisi."

Basi huu ndio mtihani, kinyozi akajiambia. Wenzake waliulizwa habari za ukoo, yeye anaulizwa habari za mota. Heri ukoo. Ule angeweza kuupamba.

Mzee alimwonyesha mara moja tu. Fungua kifuniko, chomoa rota, kile chuma kinachozunguka katikati, kata koili upande mmoja kwa patasi, kisha vuta upande wa pili kwa koleo mpaka waya utoke wote. Ila kabla ya kukata, kwangua waya kwa wembe: chini pakiwa pekundu ni shaba, pakiwa peupe ni alumini iliyopakwa rangi, weka kando.

Kwenye wembe kinyozi alipata ahueni. Alikwangua kwa madaha, kidole cha mwisho kikiwa juu, kana kwamba anachonga ndevu za waziri. Pazia la jikoni likatikisika. Akajua ni mchumba wake anachungulia, akatunisha kifua. Kifungo cha ovaroli kikaruka.

"Unakunywa?" mzee aliuliza.

"Chai tu, baba."

"Una mkono mrefu?"

"Baba! Sijawahi hata kuokota."

"Nauliza kwa sababu aliyekuwepo kabla yako alinitenda. Alikaa wiki mbili tu, akatoroka."

Nyundo ilibaki hewani. Aliyekuwepo kabla yake? Msichana hakuwahi kutaja mtu. Kinyozi aliumeza wivu wake mzimamzima, kama kidonge bila maji.

"Pole sana, baba. Bila shaka aliwaumiza nyote hapa nyumbani."

"Atuumize na nini? Aliondoka na bisibisi yangu."

Kinyozi alimstahi mzee anayeficha uchungu namna hiyo. Akaiweka nyundo chini. "Mimi sitoroki," akasema. "Mimi nikiingia nimeingia, baba. Mpaka uzee unikute humuhumu."

Mzee aliinua macho. "Mh. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo."

Maneno hayo yalimpanda kichwani. Alipasua mota kama mtu aliyegombana nazo. Zilizokaza alizibembeleza, zilizozidi ukaidi alizitukana kwa matusi ya adabu, yale yanayofaa kusikika ukweni. Vidole vikavimba hata akaanza kuhofia namna atakavyoshika mkasi kesho. Akajipa moyo kwamba mtu aliyeoa hanyoi kwa vidole, ananyoa kwa furaha. Hata yeye alijua hilo ni neno la kijinga, lakini lilimsogeza mota mbili zaidi.

Jua lilipoinama, karai lilikuwa limejaa koili nyekundu kama nywele zilizofagiwa saluni jioni ya siku yenye wateja. Mzee aliliinua kidogo, akaguna kwa uzito wake, akamgeukia.

"Kijana, wewe nimekukubali."

Kinyozi alipiga goti palepale, kwenye dimbwi la mafuta machafu. Machozi yalikuwa karibu. "Asante, baba! Asante sana. Sasa... wazee wangu waje lini?"

"Wazee wako nao?" Mzee alikuna kisogo. "Waje hata kesho, kazi ipo, ilimradi waje na patasi zao. Ila waonye wasigonge kwa jirani. Sijui leo wamepatwa na nini kule: baba kakaa mlangoni na suti yake tangu mchana, binti analia, na sasa hivi nimesikia wakilifunga geti kwa kufuli."